Barua ya wazi kwa wasimamizi wa chakula cha samaki: Tukagueni, msitufukuze

Kwa wakuu wa ofisi zinazosimamia ufugaji wa samaki, ubora wa vyakula vya mifugo, mazingira na taka za jiji,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: MABUU YA NZI ASKARI MWEUSI KATIKA CHAKULA CHA SAMAKI

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii tunaiweka hadharani kwa sababu zile tulizowaletea kwa njia ya kawaida zilipokewa, zikapigwa muhuri, kisha kimya. Sitaitaja ofisi yoyote kwa jina. Waliozipokea wanajijua, na nakala zenye mihuri yao tunazo.

Sisi ni wafugaji wa samaki wa Ruai, Njiru na viunga vyake. Wengi wetu tuna vidimbwi vya turubai nyuma ya nyumba, tilapia upande huu na kambare upande ule. Baadhi yetu tumeongeza kazi ya pili: tunafuga mabuu ya nzi askari mweusi, tunayakausha, tunayasaga na kuyachanganya na pumba, mashudu ya alizeti na soya ili tupate chakula cha samaki. Tunalowaletea ni jambo moja. Hatuombi kusamehewa ukaguzi. Tunaomba kukaguliwa: pawe na mahali pa kupeleka sampuli, ada inayojulikana na jibu la maandishi. Tulicho nacho leo ni makatazo ya mdomo, na katazo la mdomo huwezi kulikatia rufaa.

Niruhusuni kwanza nieleze kazi yenyewe, maana kuna ofisi ambapo mazungumzo yalikwisha pale tulipofungua mkebe wa sampuli.

Nzi tunayemfuga, ambaye wanasayansi humwita Hermetia illucens, si yule anayetoka chooni na kutua kwenye sahani. Akishakuwa nzi kamili hatafuti chakula. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa buu, anahitaji maji kidogo tu, hamng'ati mtu, na baada ya siku chache anakufa. Jike hutaga mayai yapatayo 500 kwenye nyufa kavu zilizo karibu na kitu kinachooza. Mayai huanguliwa kwa siku nne hivi, na mabuu hula kwa muda wa wiki mbili au zaidi kidogo, kutegemea joto na chakula. Ukiweka kiganja juu ya beseni lao unahisi joto likipanda, na ukitega sikio unasikia mchakato kama mvua nyepesi kwenye majani ya migomba. Yakikaribia kuwa pupa hubadilika rangi kutoka nyeupe hadi kahawia iliyokolea, huacha kula na kutambaa yakitafuta mahali pakavu. Sisi huyavuna kabla ya hapo, kwa sababu ngozi ikishakomaa samaki hawaimeng'enyi vizuri. Tunayapitisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha tunayakausha. Kilichobaki kwenye beseni ni samadi, na mama mboga wenye vishamba huja kuinunua hata kabla hatujatangaza.

Sasa malalamiko yetu.

1. Kiwango kipo, mlango wa kukifikia haupo

Kenya ilikuwa na kiwango chake cha bidhaa za wadudu waliokaushwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo, KS 2711, tangu 2017. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ndipo ulipoanza kuruhusu protini ya wadudu wa aina saba, nzi wetu akiwa mmojawapo, katika chakula cha samaki wa kufugwa. Kwa hiyo hatukuachwa nyuma na yeyote. Kwa makaratasi, tulikuwa sawa na Brussels.

Lakini nendeni kaunta kama mwananchi wa kawaida, mkiwa na kilo mbili za mabuu makavu kwenye mfuko wa karatasi, muulize yapimwe wapi. Ofisi ya kwanza itawaambia hili ni suala la mifugo. Ya mifugo itasema samaki si mifugo, nendeni kwa watu wa uvuvi. Wa uvuvi watawapokea vizuri, hata kiti watawapa, kisha watasema wao hushughulikia samaki, si chakula chake, na kwamba chakula kina viwango, na viwango vina ofisi yake. Mnarudi pale mlipoanzia, na kaunta imefungwa kwa chakula cha mchana. Mmoja wetu aliambiwa waziwazi kwamba hakuna fomu ya wadudu. Akauliza kama anaweza kujaza ya unga wa samaki na kuandika "mabuu" pembeni. Alichekwa.

Hata hicho kiwango kinahusu wadudu waliokaushwa. Anayemuuzia jirani yake mabuu mabichi ya kulisha kambare asubuhi hiyohiyo hajui asimame wapi. Mteja akimuuliza kama ana kibali, anababaika. Mtu mwenye nia mbaya akimuuliza swali hilohilo, anatoa kitu kidogo. Mnajua vizuri kwamba sheria isiyoeleweka ina watu wake wanaoishi kwayo.

2. Chakula cha mabuu kinazikwa Dandora

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha.

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 na likatangazwa kwamba limejaa mwaka 2001. Hadi leo malori yanapanda humo. Sehemu kubwa ya taka za jiji hili ni vitu vinavyooza: majani ya kabichi, maganda ya ndizi, nyanya zilizopasuka, maembe yaliyolainika. Fikeni soko la Marikiti mapema, malori ya mboga yakiwa yanashusha. Marundo ya majani ya nje ya kabichi yanakuwa bado ya kijani, safi, hayajaguswa na kitu. Kufikia saa nne rundo lilelile limeshachanganyika na mifuko, nepi, chupa zilizovunjika na betri za redio. Kwetu sisi limeshaharibika. Saa chache tu ndizo zinazotenganisha lishe na sumu.

Nasema sumu kwa makusudi. Buu halichagui. Litakula palipo na majani na palipo na uchafu wa betri, na kadmiamu, metali yenye sumu iliyo kwenye baadhi ya betri, hujikusanya mwilini mwake. Hili si siri, watafiti wameliandika mara nyingi, na ndiyo sababu tunataka taka ambazo hazijachanganywa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza kando na zisizooza kando. Sheria hiyo tumeisoma. Tumeitafuta sokoni hatujaiona.

Tulipojaribu kujisaidia wenyewe, mambo yakawa mabaya zaidi. Tulikubaliana na wachuuzi kadhaa watuwekee majani kando kwenye magunia, nasi tukaleta mkokoteni. Mkokoteni ukazuiliwa njiani na maafisa waliokuwa zamu kwa sababu hatukuwa na leseni ya kusafirisha taka. Ni kweli hatukuwa nayo. Ni kweli pia kwamba leseni hiyo imetungwa kwa kufikiria lori, na mwenye mkokoteni wa majani ya kabichi anaulizwa maswali yaleyale ya mwenye lori la taka za kiwanda. Siku hiyo majani yalimwagwa, na tunajua yalikoishia.

Tangu hapo baadhi yetu wananunua machicha ya bia kulisha mabuu. Yaani katika jiji linalolemewa na taka za mboga, mfugaji wa mabuu anatoa pesa mfukoni kununua chakula cha mabuu. Mkipata mtu wa kunieleza hesabu hiyo, nitamshukuru.

3. Omena haiwezi kulisha kila mtu

Mfugaji yeyote wa samaki atawaambia kwamba chakula ndicho kinachokula faida. Kwa kawaida nusu ya gharama yote au zaidi inaenda huko. Na kilicho ghali ndani ya chakula ni protini. Kwetu protini hiyo imekuwa omena, yaani dagaa, kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya omena ya Ziwa Victoria huishia kwenye mashine za kusaga chakula cha kuku na samaki, si kwenye sufuria. Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 uvuvi wa omena upande wetu wa ziwa hufungwa ili samaki wazaliane. Sisi tunaunga mkono kufungwa huko, kwa moyo wote. Lakini kidimbwi changu hakifungwi miezi hiyo. Samaki wanakula Mei kama wanavyokula Desemba, na bei inapanda.

Inapanda pia kwa mama wa Mukuru au Kayole anayepima omena kwa kikombe ili watoto wapate kitoweo. Tunamnyang'anya chakula mtu mmoja ili tumlishe samaki atakayeuzwa kwa mtu mwingine mwenye uwezo zaidi. Kuna siku nimesimama soko la Gikomba nikinunua gunia huku yeye akinunua kikombe, kwa muuzaji mmoja.

Halafu kuna mchanga. Omena nyingi huanikwa chini ufuoni, na anayeuza kwa uzito hana haraka ya kuukung'uta. Chukueni omena ya kusaga, muimwage kwenye beseni la maji, muikoroge kwa mkono, muiache itulie. Mimina maji polepole. Kinachobaki chini kinatosha kupigia lipu. Huo mchanga umelipiwa bei ya protini, umesagwa, umetiwa kwenye mfuko ulioandikwa asilimia nzuri, na sijawahi kusikia mkaguzi amekuja kuuliza chochote. Sisi wa mabuu ndio tunaoambiwa bidhaa yetu inatia shaka.

Mtakumbuka mpango wa serikali wa kufufua uchumi mwaka 2009, ambapo maeneobunge 140 yalitengewa vidimbwi 200 kila moja. Vidimbwi vilichimbwa, vifaranga vya samaki vikagawiwa. Chakula cha kudumu hakikufikiriwa kwa uzito uleule, na leo vingi vya vidimbwi hivyo vimemea nyasi. Msirudie hadithi hiyo kwenye vizimba vya ziwani na vidimbwi vya mijini.

4. Maafisa wa nyanjani

Hili ni fupi. Hatuna afisa wa nyanjani aliyewahi kutufundisha kuhusu mabuu. Tuliyoyajua tumeyapata kwa wakulima wenzetu, kwenye simu, na kwa watafiti wa taasisi ya wadudu ya icipe, Kasarani. Hatuwalaumu maafisa wenyewe; wachache waliopo wanagawana kata nyingi mno.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema utafiti bado haujakamilika. Taasisi ya icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, iko Kasarani, na imekuwa ikichunguza nzi huyu na kufundisha wakulima kumfuga kwa miaka. Watu hutoka nchi za mbali kuja kusoma hapo. Kutoka Ruai ni matatu mbili.

Mtasema mabuu hula uchafu. Jibu letu ni kwamba yanakula unachoyapa, na hapo ndipo mkono wa sheria unapohitajika. Ulaya hairuhusu mabuu ya chakula cha mifugo yalishwe kinyesi wala makombo ya hotelini. Wekeni sharti hilohilo hapa, tutalifuata: mabaki ya mboga na matunda, machicha, basi. Hakuna cha chooni, cha buchani wala cha hospitalini. Anayetaka kutumia vitu hivyo kutengenezea mbolea ana njia yake, na isichanganywe na yetu.

Mtasema mlaji atakataa samaki aliyelishwa wadudu. Tilapia wa mtoni na kambare hula wadudu bila kumuuliza mtu, kuku wa kienyeji anayesifiwa kwa utamu hushinda akifukua funza, na Magharibi mwa nchi kumbikumbi wakitoka watu hukimbia na mabeseni. Mlaji wa Nairobi anauliza samaki ni wa leo au wa jana, na kama ni wa kwetu au ametoka China kwenye barafu.

Mtasema mabuu hayatoshi kuchukua nafasi ya unga wa samaki. Hapo mko sawa, na ningependa wanaouza vifaa vya kufugia mabuu kwa ahadi kubwa mitandaoni wakiri hivyo pia. Mabuu makavu yana protini asilimia 40 hivi au zaidi kidogo, ilhali unga mzuri wa samaki hupita 60. Yamepungukiwa na methionini, kijenzi kimojawapo cha protini, na omega-3 zile za samaki hayana kwa kiasi cha maana. Mafuta yake ni mengi, yasipokamuliwa au kuhifadhiwa vizuri huchacha. Tunachosema ni kwamba sehemu ya omena inaweza kutolewa na mabuu yakaingia mahali pake, na majaribio mengi kwa tilapia yameonyesha samaki hawadumai kwa hilo. Sehemu hiyo iwe kubwa kiasi gani, kwa samaki wa umri gani, ndilo swali tunalotaka maabara zenu zitusaidie kulijibu.

Mtasema wafugaji wadogo hawawezi kulinda ubora. Wapo wasioweza. Wapo wanaoanika mabuu kando ya barabara ya vumbi bila kuyachemsha, na bidhaa kama hiyo inaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Bila ukaguzi, mteja atamtenganisha vipi huyo na yule anayefanya kazi safi? Wote wawili wanauza kwenye mfuko usio na alama, na aliye ovyo huuza rahisi zaidi.

Na mwisho mtasema, hiyo si kazi yetu. Jibu hili tunalijua kuliko yote. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kilimo, uvuvi, na uzoaji wa taka pamoja na majaa yake, na serikali ya kitaifa ikabaki na sera na viwango. Mabuu yetu yanagusa pande zote mbili. Hiyo ni sababu ya nyinyi kukaa meza moja, si sababu ya kutupiga danadana.

Tunachoomba

Tunaomba ofisi moja, yoyote mtakayokubaliana, itangazwe kwamba ndiyo inayopokea maombi ya wafugaji wa mabuu wa Nairobi, na itoe kwa maandishi, kwa Kiswahili na Kiingereza, orodha ya vinavyotakiwa, ada na muda wa kusubiri. Ada za vipimo zipangwe kwa kuzingatia kwamba kikundi huuza kwa kilo, si kwa tani. Tuko tayari kupima kwa pamoja kama kikundi na kubeba lawama kwa pamoja mmoja wetu akiharibu. Mabuu mabichi nayo yapewe kanuni yake, hata ikiwa ya ukurasa mmoja.

Tunaomba soko moja, tuanze na moja tu, litengewe eneo la mabaki ya mboga ambapo hakuna kingine kinachomwagwa, na wanaoyachukua kwa mikokoteni wapewe kibali chepesi kinachotaja njia na saa. Tuko tayari kulifagia eneo hilo sisi wenyewe.

Tunaomba kila mfuko wa chakula cha samaki unaouzwa jijini utaje protini yake imetoka wapi, iwe omena, soya au mabuu, na sampuli zichukuliwe madukani bila kutangaza, zikiwemo za kampuni kubwa. Mkipima mchanga kwenye omena siku hiyohiyo mnayopima vijidudu kwenye mabuu yetu, hatutakuwa na la kulalamika.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 kujibu ombi la habari. Ombi letu la habari ni hili: ni ofisi gani, maabara gani, kwa ada gani, mfugaji mdogo wa Nairobi anaweza kupimiwa mabuu makavu kwa mujibu wa KS 2711? Jibu hilo tutalibandika kwenye kuta za maduka yote ya vyakula vya mifugo kuanzia Njiru hadi Ruai, hata likiwa kwamba maabara hiyo haipo.

Mkaguzi anakaribishwa siku yoyote, bila kutupigia simu kwanza. Atakuta mabeseni, daftari la tunachoyalisha na tarehe zake, na sampuli zilizofungwa na kuandikwa lebo, zinazosubiri anwani ya kupelekwa.

Wenu kwa heshima,

Katibu,
kwa niaba ya wafugaji wa samaki na mabuu,
Ruai na Njiru, Nairobi